Mlingoti ni mwembamba, kuna haja ya kuupigia hesabu za joto?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Kikundi chetu chuoni tunaunda setilaiti ya yuniti tatu (boksi la kama sentimita 10 kwa 10 kwa 30), saizi ile ya Taifa-1 ya Kenya, itakayozunguka kilomita 500 juu ya Dunia. Ina mlingoti wa mita 2 unaokunjuka: utepe wa shaba-berili wenye unene wa milimita 0.1, unaojikunja kuwa bomba la kipenyo cha milimita 20, wenye kipima sumaku cha gramu 100 kwenye ncha. Tumeendesha modeli ya joto kwa hali mbili tu, joto kali na baridi kali, zote zikiwa zimeshatulia. Mlingoti tumeuweka kama nodi moja, yaani kipande kimoja cha modeli chenye joto moja, kwa sababu ni mwembamba na mwepesi. Joto lote limeangukia ndani ya mipaka ya vifaa. Sasa kuna mtu ametuahidi ripoti kamili ya joto, yenye picha na muhuri, kwa siku tatu. Tumkubalie? Na huo mlingoti una haja ya kusumbuliwa zaidi?

JIBU: Marahaba. Msimkubalie. Na mlingoti huo ndio wa kusumbukia kuliko kitu kingine chochote mlichonacho.

Sentensi iliyonikaa rohoni ni hii ya "kwa sababu ni mwembamba na mwepesi". Naletewa kila mara, na wanafunzi na hata na watu wenye vyeo, na kila mara imegeuzwa miguu juu. Uzito ndio unaotuliza joto. Ukiuondoa uzito ili kupunguza gharama ya kurusha, umeondoa pia kile kilichokuwa kinakukinga na mabadiliko ya ghafla. Fanyeni hesabu ndogo kwa kalamu. Boksi la setilaiti yenu, kama kilo 4, lina muda wa joto, ule unaohitajika kukamilisha sehemu kubwa ya kupanda au kushuka kwake, wa dakika 100 hivi, zaidi kidogo ya mzunguko mzima wa dakika 95. Jua lije, kivuli kije, boksi linapanda na kushuka taratibu. Mlingoti wenu, ukipakwa rangi inayonyonya 0.4 ya mwanga wa jua na kutoa kwa mnururisho 0.8 ya joto ambalo kitu cheusi kabisa kingetoa, una muda wa dakika mbili. Kwa nusu saa na ushei ya kivuli cha Dunia unakuwa umeshapoa hadi mwisho wake, na ukitoka tu unaanza kupanda upya. Hayo ni mara 15 kwa siku. Kila aliyelala chini ya paa la bati anajua jinsi bati linavyolia asubuhi jua likilipiga; huo ndio mlingoti wenu, ila hapo hapana hewa ya kuupoza.

Sasa nodi moja. Nodi moja haina upande wa jua wala upande wa kivuli. Ina namba moja tu ya joto, na kitu chenye joto la namna moja kinarefuka na kufupika lakini hakipindi. Kwa hiyo modeli yenu haikuwapa jibu kwamba mlingoti haupindi. Mliondoa uwezo wa kupinda kabla ya kuuliza. Bomba halisi lenye vipimo vyenu, hata kwa shaba-berili inayopitisha joto vizuri, litakuwa na tofauti ya nyuzi 5 hivi kati ya upande unaotazama jua na ule wa nyuma. Nyuzi 5 zinaonekana kama si kitu. Zidisheni kwa mtanuko wa 17 kwa milioni kwa kila nyuzi, gawanyeni kwa kipenyo cha milimita 20, na mtapata mpindo unaosogeza ncha ya mita 2 kwa milimita 8.5 na kuigeuza kwa karibu nusu digrii. Katika uga wa sumaku wa nanotesla 30,000, nusu digrii hiyo ni kosa la zaidi ya nanotesla 200 kwenye mhimili wa kipimo. Na kosa lenyewe halitulii: mlingoti ukiwa juani lipo, ukiwa kivulini linapotea, na data yenu itaonyesha wimbi zuri la dakika 95 ambalo mtu asiyejua ataliandikia makala kuhusu uga wa Dunia.

Kumbukeni kwamba hapo hakuna mpaka wa joto wa kifaa chochote uliovukwa. Jedwali lenu lote lingebaki la kijani. Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote: kwamba kazi ya modeli ya joto ni kuhakikisha betri haigandi na chipu haiungui. Kwa vyombo vizito, labda hilo lilitosha. Kwa maumbo mepesi, joto ni mzigo wa kimuundo sawa na nguvu inayosukuma, na anayelishughulikia upande wa vifaa tu ameacha nusu ya kazi.

Wala hili si jambo la vikundi vidogo. Darubini ya Hubble ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na mabawa ya sola yanayokunjuka, yakitanuliwa na milingoti ya utepe wa chuma cha pua yenye kipenyo cha takriban milimita 22. Kila ilipoingia au kutoka kwenye kivuli cha Dunia, upande mmoja wa milingoti ulibadilika joto kabla ya mwingine, ikapinda, mabawa yakatikisika, na darubini nzima ikayumba kwa dakika kadhaa wakati inapaswa kutazama nyota bila kupepesa. Wanaanga walipofika Desemba 1993, bawa moja lilikuwa limepinda kiasi kwamba halikukunjika. Kathryn Thornton alilishika kwa mikono yake na kuliachia liende zake angani. Mabawa mapya waliyoyafunga yalikuwa na vifuko vya kukinga joto kuzunguka milingoti. Na si kwamba jambo hilo lilikuwa halijulikani. Mhandisi Bruno Boley alikwisha andika hesabu za mihimili inayotetemeshwa na joto mwaka 1956, na setilaiti ya OGO-4 ya mwaka 1967 ilishatikiswa na mlingoti wake wa mita 18 kwa sababu hiyo hiyo.

Kutokana na Boley mnapata kipimo rahisi: linganisheni muda ambao joto linachukua kusambaa ndani ya kitu na muda wa mtikisiko wake mmoja. Joto likichelewa sana kuliko mtikisiko, kitu kinapinda polepole na kutulia. Vikikaribiana, kinatetemeka. Kwenu, joto linazunguka bomba kwa sekunde 3 hivi, na mlingoti wenye ncha ya gramu 100 unatikisika mara moja kwa sekunde 0.6. Kwa bomba lililofungwa ningelala usingizi. Lakini utepe wenu umeachwa wazi upande mmoja, na umbo lililo wazi ni legelege sana kwa kujisokota: mtikisiko wa kujisokota unaweza kuwa wa polepole kuliko ule wa kupinda, na hapo unausogelea muda wa joto. Tena mwanya huo unakata njia ya joto, kwa hiyo tofauti ya pande inategemea mwanya unatazama wapi kuhusiana na jua. Hubble nayo ilikuwa na milingoti ya namna hii.

Basi fanyeni hivi. Ugawanyeni mduara wa mlingoti kwa nodi 12 au zaidi, mwanya ukiwemo, na urefu wake pia, kwa kuwa boksi litautia kivuli sehemu ya chini. Endesheni kwa muda, siyo kwa hali tulivu, na mkifika kwenye mpaka wa kivuli tumieni hatua za sekunde moja au chini. Hapo jua halichomozi kwa ghafla: kwenye mzingo wenu linachukua kama sekunde 8 kutoka kuanza kuonekana hadi kuonekana lote. Programu inayoliwasha kwa mara moja itawatia hofu ya mtetemo mkubwa kuliko ulivyo. Kisha pelekeni joto la kila nodi kwenye modeli ya muundo, na kagueni kwa macho jinsi lilivyohamishwa, maana vipande ambavyo modeli mbili zimegawanywa havifanani, na programu hujaza mapengo kwa kukisia.

Mtaambiwa kuna njia ya mkato: tumieni faiba ya kaboni, haitanuki. Hilo nalo nimelichoka. Ni kweli kwamba kwa kufuata urefu wa faiba mtanuko unakaribia sifuri. Lakini kwa upande unaokatiza faiba, upitishaji wa joto ni hafifu mno kuliko wa metali, kwa hiyo tofauti kati ya pande mbili za bomba inafika makumi ya nyuzi, na mtanuko wa upande huo unazidi hata wa alumini. Mahali kaboni inapoungana na alumini, viwili hivyo vinavutana kila mzunguko, zaidi ya mara 5,000 kwa mwaka, na gundi inapata nyufa ndogondogo. Tena gundi hiyo ilinyonya unyevu wa hewa ya karakana. Ikifika kwenye ombwe, mahali pasipo hewa, inautoa na kusinyaa. Kaboni ni nzuri, naitumia, lakini hesabu zake ni nyingi zaidi, siyo pungufu.

Nije kwa huyo mwenye muhuri. Ripoti ya siku tatu naijua bila kuiona. Ina picha za rangi nyekundu na buluu, na namba zake zimetoka kwenye orodha iliyokuja na programu. Nimekuta zenye kiasi cha upoaji kwa myuko wa hewa kilichosahaulika tangu modeli ya kifaa cha mezani; angani hakuna hewa. Nimekuta alumini iliyosuguliwa ikiandikwa kuwa "inaakisi, kwa hiyo itabaki baridi". Chukueni bamba jembamba lililoelekezwa juani, likitoa joto pande zote mbili, jua likiwa wati 1,361 kwa mita mraba. Alumini hiyo inayonyonya 0.15 tu lakini inatoa 0.05 itafika nyuzi 162 za Selsiasi. Bamba lile lile likipakwa rangi nyeupe inayonyonya 0.2 na kutoa 0.85 litakaa nyuzi 43 chini ya sifuri. Namba mbili za rangi zimeleta tofauti ya nyuzi mia mbili, na rangi nyeupe nayo hugeuka manjano kwa mionzi ya jua na kuanza kunyonya zaidi. Anayewapa joto la siku ya kwanza bila joto la mwisho wa safari amewapa nusu.

Na hata aliyefanya kila kitu vizuri hapewi imani ya bure. Kiwango cha jeshi la Marekani cha kujaribu vyombo vya angani, MIL-STD-1540, kilidai nafasi ya tahadhari ya nyuzi 11 hata baada ya modeli kulinganishwa na jaribio la ombwe, kwa sababu wenye uzoefu walilinganisha utabiri na safari halisi wakaona jinsi zinavyoachana. Kwa hiyo kabla hamjamlipa mtu yeyote, mwambieni aonyeshe namba za kunyonya na kutoa zilipimwa wapi, kwenye sampuli gani. Joto linaloingia na linalotoka kwenye modeli nzima linalingana kwa asilimia ngapi. Jibu lilibadilika kiasi gani alipoongeza nodi mara mbili. Na ukinzani wa joto kwenye kila bolti na bawaba aliupata kwa nani. Akianza kuzungumzia muhuri, kata mazungumzo. Fedha hiyo chukueni kipande cha sentimita 30 cha utepe wenu, kipakeni rangi ile ile, mkifunge vipima joto vidogo kuzunguka mduara, mkiweke kwenye tanki la ombwe mbele ya taa yenye nguvu ya jua, na msome tofauti ya pande kila sekunde tangu taa inapowaka. Mkiwa na jedwali hilo na modeli ya nodi 12, nitumieni vyote viwili, nitavipitia.