Ukihamia Mji Mkongwe, mjue kwanza anayeishi chini yako

Vijana wanaopata chumba Kiponda au ghorofa Sokomuhogo, mitaa ya huku kwetu Mji Mkongwe wa Zanzibar, huniuliza waangalie nini kabla ya kulipa kodi. Wengi hutarajia niwatajie bei, giza la ngazi au umbali wa kufika sokoni Darajani. Mimi huwaambia waende wakapige hodi kwa anayeishi chini ya chumba hicho kabla hawajapandisha kitanda. Nimeishi humu tangu nilipoletwa bi harusi kutoka Tanga, wanangu wamezaliwa humu, na kila ugomvi mkubwa wa majirani niliouona katika jengo letu ulianzia kwenye maji.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zinabebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba: upana wake ni urefu wa boriti. Mkoko mkavu huishi miaka mingi sana. Lakini ukilowa kwenye ncha, pale ulipoingia ukutani, huoza ndani kwa ndani na hakuna anayeona mpaka dari imeanza kubonyea. Maji unayomwaga juu wewe ukaona yamekauka, mwenzako wa chini anayaona kwenye dari yake, juu ya kitanda cha mtoto.

Tena nyumba hizi nyingi hazikujengwa kwa jinsi tunavyoishi sasa. Zilikuwa za familia moja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba zikachukuliwa na Serikali, watu wakagaiwa vyumba. Nyingine ni za wakfu, nazo zina wapangaji kila ghorofa. Palipokuwa na familia moja sasa pana jikoni tatu na vyoo vitatu, na hivyo vyoo vimewekwa mahali ambapo aliyejenga hakukusudia maji yapite. Hapo kosa si la mpangaji yeyote, ila kila mpangaji anaweza kupunguza madhara.

Basi ukihamia, muulize wa chini: maji yanakushukia wapi? Atakuonyesha, na usishangae akikushika mkono akakupeleka chumba kwa chumba. Bimkubwa wa chini yetu alinionyesha madoa ya dari yake siku ya kwanza, akaniambia, "Mwanangu, wewe nakupenda, lakini choo chako ndicho adui yangu." Tangu hapo tunakoga ndani ya karai kubwa, sakafu ya choo haiogeshwi kwa ndoo bali inapigwa tambara, na bomba likianza kudondosha fundi anaitwa siku hiyo hiyo, gharama tunagawana. Kugawana huko ni muhimu. Wa juu akiambiwa alipe peke yake ataficha, na mvujo uliofichwa msimu mmoja wa masika unaweza kuharibu boriti iliyodumu tangu enzi za masultani.

Na fundi akija na mfuko wa saruji, mzuie. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa, na lipu ya chokaa huuacha utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi ikakusanyika, na baada ya muda lipu inabanduka na jiwe nyuma yake limekuwa unga. Ukuta huo mara nyingi ni wa nyumba mbili, kwa hiyo unayemharibia ni jirani pia. Matengenezo yoyote ya kweli yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Watu hulalamika kuwa ni usumbufu, mimi nakiona ni kinga. Sote tunakumbuka Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Ile ilikuwa kasri ya tangu 1883, iliyokuwa ikijulikana dunia nzima. Nyumba yako ya uchochoroni hakuna anayeiangalia isipokuwa wewe na jirani yako. Ukiona ufa unapanuka au mlizamu wa paa unamwaga ukutani, sema, hata kama ukuta si wako.

Maji ya mfereji nayo yana adabu zake. Yanakuja kwa zamu, na mwenye mashine ya kuvuta anaweza kuyavuta yote, wa ghorofa ya pili akabaki anasikiliza upepo kwenye bomba. Kubalianeni saa. Kwetu wa juu wanavuta alfajiri, wa chini wanajaza baadaye, na nyumba yenye mgonjwa au mtoto mchanga haisubiri zamu.

Faida ya makubaliano haya niliiona 2008, umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika, kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Haujapita muda mrefu, ukakatika tena Desemba 2009, na safari hiyo haukurudi mpaka Machi 2010. Bila umeme pampu hazisukumi, kwa hiyo na maji yakapotea. Nyumba zenye visima vya zamani ndani zilifungua milango. Palipokuwa na majirani wanaozungumza, foleni ilikwenda vizuri, wanaume walivuta, watoto walibeba, wazee wakapelekewa juu. Samaki walipikwa siku hiyo hiyo na chungu kilikuwa cha jengo zima. Palipokuwa na ugomvi wa zamani wa choo na dari, watu walikwenda na ndoo zao mitaa ya mbali kutafuta maji, na kisima kipo nyuma ya ukuta.

Sasa baraza. Wageni huyaona yale mabenchi ya mawe kando ya mlango wakadhani ni pambo. Hapo ndipo mtaa unapokaa: kahawa chungu, dhumna, habari za mpira, na pale Jaws Corner siasa mpaka usiku. Usipite kimya mbele ya watu waliokaa. "Assalaam alaikum" inatosha, na kwa mzee ongeza shikamoo, hata kama una haraka na hata kama jana mlipishana kauli. Mwanamke halazimiki kusimama, salamu ya kupita inapokelewa kwa heshima ile ile. Wazee wa baraza ndio wanaojua mtoto wako ametoka chuo cha Qurani saa ngapi na kaelekea wapi, na hamali akipotea na kabati lako ndio watakaomleta mpaka mlangoni. Mtu asiyesalimu hawamchukii, hawamjui tu, na katika vichochoro vyetu kutojulikana ni hasara kubwa.

Kuhusu chakula sitasema mengi, kila aliyelelewa pwani anajua kwamba sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa cha kutia, tia ndimu mbili. Lakini kuna jambo dogo ambalo vijana wanalisahau: mtaa wetu una Waislamu wa madhehebu mbalimbali, Wahindu na Wakristo. Jirani yangu Mhindu hagusi nyama wala samaki, kwa hiyo Ramadhani inapofika namtengea muhogo wa nazi na kaimati kutoka vyungu ambavyo havikuingia kitoweo. Nilimuuliza tu anakula nini. Naye siku za Diwali vitamu vyake vinapanda ngazi kabla ya jua kuzama.

Msiba ndio unaotupima. Tangazo likishatoka msikitini, usingoje kualikwa, hakuna mwaliko wa msiba. Uchochoro hauna nafasi ya turubai, kwa hiyo majirani hufungua kumbi zao, mikeka inatandikwa hadi barazani, wanawake ndani na wanaume nje. Nyumba ya wafiwa haiwashi moto, majirani ndio wanaopika. Unafanya kazi ofisini na huwezi kukaa kutwa? Wahi mazishi, au njoo kwenye hitma, au mpe mwanamke mmoja wa jengo ubani wako, yaani mchango wa msiba, akufikishie na akutaje jina. Na wakifiwa majirani Wakristo wa upande wa Mkunazini, tunakwenda tukakaa nao vile vile.

Linalonitia wasiwasi sasa ni nyumba zinazogeuzwa vyumba vya kulaza watalii. Biashara ni halali na imewapa wengi riziki. Ila jengo likibaki na wageni wa siku tatu tatu, nani ataona dari inabonyea? Mgeni anakoga nusu saa na hajui kuwa chini yake kuna mtu. Kama wewe ndiye mwenye kulaza wageni, mpe jirani wa chini namba yako ya simu na upokee akipiga, hata saa nane usiku. Waambie wageni wasiburute masanduku ya magurudumu alfajiri, wajifunike wanapotoka pwani, na wasimpige picha bibi aliyekaa mlangoni kwake bila kumuomba. Na nawasihi wenye nyumba: angalau ghorofa moja muiache kwa mkaazi wa kudumu, tena aliye na watoto ikiwezekana. Nyumba yenye mtu wa kudumu inatunzwa, na msikiti wa mtaa unapata watu wa alfajiri.

Mkigombana, na mtagombana, nenda kwa mwenyewe kwanza, mlangoni kwake, si kwenye kundi la simu la jengo. Ukishindwa, mtafute mzee anayeheshimiwa na nyote wawili, awakalishe. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, awe wa mwisho, maana jambo likishafika kwake limeandikwa, na lililoandikwa ni vigumu kulisahau. Lakini usimfanye sheha kuwa mtu wa ugomvi tu. Wiki ile ile unayohamia nenda kajitambulishe, umwachie jina lako na majina ya watu wa nyumbani kwako, kwa sababu barua yake utaihitaji kwa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na mengi mengine. Na ukisafiri, ufunguo wa pili muachie yule wa chini, umuonyeshe na koki ya kufungia maji iko wapi.