Nekesa, wewe ulibatizwa Jumatano

Mwanangu Nekesa,

Ujumbe wako niliusoma ndani ya matatu pale Jogoo Road, nikausoma tena nilipofika nyumbani. Unauliza kama kanisa letu la zamani litakubali kumbatiza Baraka nawe hujafunga ndoa, au umpeleke kule kwa mwenzako wa kazini, ambako hawaulizi mtu kitu.

Kukhu, nyanya yako, amekusimulia vipande vya siku yako, lakini kukhu hakuwepo. Alikuwa bado Bungoma na hasira zake.

Watoto wa ndoa walibatizwa Jumapili, kwa kwaya na picha. Sisi tusio na cheti tulipangiwa Jumatano, saa nane mchana. Nilikuwa nimekununulia gauni jeupe Gikomba, nikalipiga pasi ya makaa hata usingejua ni la mtumba. Tulimkuta mama wa usafi bado anafagia, akatusogezea viti tupite. Katekista akafungua kitabu cha ubatizo, akaandika jina lako, akaandika langu, na palipotakiwa jina la baba akachukua rula akapiga mstari. Rula, Nekesa! Kana kwamba angetumia mkono mtupu aibu yangu ingepinda. Mahubiri ya mwaka ule siyakumbuki hata moja, ila rula ile naiona mpaka leo.

Kisha Mama Atieno wa mlango wa kona, msimamizi wako, akaanza kuimba. Unawajua watu wa Uamsho, wale walokole wa makanisani, hawaombi ruhusa. Aliimba wimbo wao wa Kiganda mbele ya viti vitupu mpaka yule mama wa usafi akaegemeza ufagio ukutani akaitikia. Kasisi naye alipomwaga maji alisema maneno yale yale ya Jumapili: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Sikusikia hata neno moja limepunguzwa.

Ndiyo maana nasema, na najua mmechoka kunisikia: soja wa geti hana nyumba humo ndani. Anaweza kukuchelewesha, akakuandikisha jina na nambari ya kitambulisho, lakini aliyekualika ni mwenye nyumba.

Wewe unauliza kama watakukubali. Mimi nataka kujua kama unaamini umeshakubaliwa. Paulo aliwaandikia Waefeso, "ninyi si wageni wala wapitaji, bali ninyi ni wenyeji pamoja na watakatifu, watu wa nyumbani mwake Mungu." Na hao walikuwa watu wa mataifa, ambao pale hekaluni Yerusalemu hawakuruhusiwa kupita ua wa nje. Palikuwa na kizuizi chenye maandishi: mgeni akivuka, kifo chake ni juu yake mwenyewe. Jiwe moja lenye onyo hilo lilipatikana mwaka 1871. Watu wa namna hiyo ndio walioambiwa ni wa nyumbani.

Lakini tena sitaki uwadharau wazee wa kanisa. Kanisa lisilouliza kitu, siku ukipotea nani atauliza uko wapi? Na nidhamu hawakuizua wao. Paulo huyo huyo aliwaambia Wakorintho wamtoe mtu kati yao. Ila katika waraka wa pili anawasihi wamsamehe mtu waliyemwadhibu, wamfariji, asije akamezwa na huzuni. Wazee wetu waliusoma sana ule wa kwanza. Hapana, nisiwe mkali. Mmoja wao ndiye aliyetuchangishia gari la kwenda Bungoma tulipofiwa na mjomba wako, na hakuuliza nani ana cheti.

Sasa unataka niseme uende wapi. Wewe ni mtu mzima, sitasema. Harusi nayo ni yako na babake Baraka. Msikimbilie kuifunga ili mtoto apate kadi ya ubatizo. Hapo nimesema, basi. Na kama ungeniuliza mara ya pili... usiniulize. Jua tu kwamba kasisi wa sasa hana ubatizo wa Jumatano, wote ni Jumapili, na Mama Atieno bado anakaa kiti cha mbele japo magoti yanamsumbua. Soja wa geti anabadilishwa, mwanangu.

Ukiamua, nijulishe mapema. Jumapili ya kwanza ya mwezi chama kinakutana kwangu na zamu ya kupika ni yangu.

Mama yako