Kampuni ya Filta Ikifilisika, Jina Lake Hubaki kwa Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa teksi hapa Houston, Marekani, na kwa muda mrefu fundi wangu amekuwa akinifungia filta za oili za FRAM, zile za rangi ya chungwa. Nimesoma kwamba kampuni inayozimiliki imefilisika, tena kesi imefunguliwa katika mji huu huu. Je, filta hizo zitatoweka madukani? Na zile nilizokwisha kuzinunua, nizitumie bila hofu? (Dereva, Houston)

JIBU: Ndugu msomaji, kampuni unayoisema ni First Brands Group, ambayo tarehe 28 Septemba 2025 iliomba ulinzi wa Mahakama ya Ufilisi ya Wilaya ya Kusini ya Texas. Chini yake, mbali na FRAM, zilikuwamo plagi za Autolite, waipa za TRICO, breki za Raybestos na filta za malori za Luber-finer. Madeni yake yalizidi dola bilioni 10, na chanzo chake hakikuwa kukosa wanunuzi wa filta. Kampuni ilikuwa imekua kwa kununua kampuni nyingine kwa mikopo, na ilizoea kuwauzia wafadhili ankara za wateja wake ili ipate fedha kabla wateja hawajalipa, hadi ikabidi uchunguzi ufanywe kujua kama baadhi ya ankara hizo ziliuzwa zaidi ya mara moja. Ninaanza na jambo hili kwa sababu watu wengi wakisikia kiwanda kimefilisika hudhani kwamba bidhaa yake ilikuwa mbovu, na dhana hiyo huwaumiza bure wafanyakazi walioitengeneza vizuri.

Ombi hilo lilitolewa chini ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, ambayo humruhusu mdaiwa kuendelea na kazi huku wadai wakizuiwa kukamata mali yake, wakati mpango wa kulipa madeni au wa kuuza biashara unapotayarishwa. First Brands ilipata mkopo mpya wa dola bilioni 1.1 ili iweze kuendesha shughuli zake katika kipindi hicho. Chini ya Sura ya 7 mambo huwa tofauti, kwa kuwa mfilisi (msimamizi wa kuuza mali) huteuliwa, milango hufungwa, na kila kitu huuzwa, kuanzia mashine hadi viti vya ofisini. Hata hapo, hata hivyo, jina la bidhaa halitupwi. Mara nyingi jina lina thamani kuliko mashine zenyewe, kwa sababu mnunuzi anaweza kununua mashine mpya popote, lakini hawezi kununua miaka tisini ya kuaminiwa na mafundi isipokuwa kwa kununua jina lililoaminiwa.

Historia ya FRAM yenyewe inaonyesha jinsi jina linavyoweza kuhama. Lilianza katika jimbo la Rhode Island mwaka 1932, likaingia mikononi mwa kampuni ya Bendix mwaka 1967, kisha Allied (baadaye AlliedSignal) walipoinunua Bendix mwaka 1983 likaenda nao. Mwaka 1999 AlliedSignal iliungana na Honeywell na, ingawa ndiyo iliyokuwa mnunuzi, ikaamua kuliacha jina lake na kuchukua la Honeywell, kwa kuwa lilijulikana zaidi. Mwaka 2011 Rank Group ya New Zealand ilinunua kitengo kizima cha bidhaa za magari cha Honeywell kwa dola milioni 950, na mwaka 2019 FRAM ikauzwa kwa Trico Group, ambayo mwaka uliofuata ilijiita First Brands. Katika safari hiyo yote, dereva aliyeingia dukani Houston aliliona boksi lile lile la rangi ya chungwa. Ndiyo maana sioni sababu ya kutarajia kwamba jina hili litapotea, hata kama wenyewe watabadilika kwa mara nyingine.

Hata hivyo, jina kubaki hakumaanishi kwamba filta imebaki ile ile, na hapa ndipo ningependa uwe mwangalifu. Katika filta moja kuna mambo matatu ambayo mnunuzi huyaona kama kitu kimoja, ilhali sheria huyaona kuwa mali tatu tofauti: jina lililo kwenye boksi, kiwanda na mashine zake, na vipimo vya kiufundi vinavyoeleza aina ya karatasi ya kuchujia, nguvu ya springi ya valvu ya kupitishia oili filta inapoziba, na aina ya raba inayozuia oili isirudi chini injini inapozimwa. Wakati wa ufilisi mambo hayo matatu yanaweza kuuzwa kwa watu watatu. Aliyenunua jina peke yake atatafuta kiwanda kingine, pengine katika nchi nyingine, na akitaka kurudisha fedha zake haraka atashawishika kuweka karatasi nyepesi zaidi au raba ya kawaida badala ya silikoni, bila kubadilisha hata herufi moja ya boksi. Simtuhumu yeyote kwamba amefanya hivyo. Ninaeleza mahali ambapo mlango huo huwa wazi.

Kinyume chake pia hutokea. Kiwanda cha Champion Laboratories cha Albion, Illinois, kilipita katika Sura ya 11 mwaka 2016 pamoja na kampuni mama yake, UCI International, na baadaye kikawa chini ya First Brands. Kwa miaka mingi kiwanda hicho kilitengeneza filta zilizouzwa kwa majina ya watu wengine, zikiwamo za Mobil 1, jina ambalo ni mali ya ExxonMobil. Kwa hiyo mtu aliyenunua filta yenye jina la kampuni tajiri, isiyo na deni wala kesi, huenda filta yake ilitoka katika kiwanda kilichokuwa chini ya ulinzi wa mahakama. (Champion hii isichanganywe na Champion ya plagi, iliyokuwa chini ya Federal-Mogul; kampuni hiyo nayo iliingia katika ufilisi mwaka 2001 kwa sababu ya madai ya asbesto, ikatoka mwishoni mwa 2007, na plagi zake ziliendelea kuuzwa muda wote huo.)

Kuhusu filta ulizokwisha kununua, zitumie. Zilitengenezwa kwa vipimo vilivyokuwapo, na kesi ya mahakamani haibadilishi karatasi iliyomo ndani. Cha kuangalia ni kama boksi halijapata unyevu na kama raba bado ni laini, bila mipasuko. Utakaponunua nyingine mwaka ujao, chukua ya zamani uilinganishe na mpya yenye namba ile ile. Tazama nchi iliyoandikwa kwenye kopo, idadi na ukubwa wa matundu ya kuingizia oili, na rangi ya raba ya ndani. Ukiona tofauti, muulize muuzaji, na ikiwa hana jibu, uliza katika kampuni yenyewe, kwa kuwa uwezo wa kuchuja hupimwa kwa utaratibu unaojulikana wa kimataifa wa ISO 4548-12 na mtengenezaji makini hana sababu ya kuficha matokeo yake.

SWALI: Nina duka la spea Dar es Salaam. Msambazaji mmoja ameniambia kwamba kampuni ikifilisika jina lake linakuwa halina mwenyewe, kwa hiyo filta zinazochapwa jina hilo na kiwanda chochote ni halali kuuzwa. Ni kweli? (Mwenye duka, Kariakoo)

JIBU: Si kweli, na ninakusihi usiagize mzigo kwa kutegemea maneno hayo. Alama ya biashara ya mufilisi ni sehemu ya mali inayosubiri kuuzwa kwa faida ya wadai, na katika kipindi hicho mahakama na wadai huilinda kuliko hata mwenyewe alivyoilinda, kwa sababu kila filta bandia inayouzwa inapunguza bei watakayoipata. Hata Marekani, alama huhesabiwa kuwa imeachwa pale matumizi yake yanapokoma bila nia ya kuirudia, na kutoitumia kwa miaka mitatu mfululizo huchukuliwa kuwa dalili ya hilo; kufungua kesi ya ufilisi hakuhesabiwi kuwa ni kuiacha.

Zaidi ya hayo, alama za biashara husajiliwa nchi kwa nchi. Tanzania Bara usajili uko BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni), hudumu miaka 7 ya kwanza na kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, na hauvunjwi na jambo lililotokea Texas. Jina moja linaweza hata kuwa na watumiaji wawili halali katika mabara mawili: filta za FRAM za Ulaya kwa miaka mingi ziliuzwa na Sogefi ya Italia, kampuni nyingine kabisa, hadi ilipouza kitengo chake cha filta mwaka 2024. Anayekuletea mzigo, basi, mwombe barua inayoonyesha kwamba ana idhini ya mwenye alama kwa soko la Tanzania. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata na kuteketeza bidhaa bandia, na hasara ya mzigo ulioteketezwa hukuangukia wewe mwenye duka.

Liko pia suala la leseni, yaani ruhusa ya kutumia alama ya mwingine. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua tarehe 20 Mei 2019, katika shauri la Mission Product Holdings dhidi ya Tempnology, kwamba mwenye alama aliyefilisika akiukataa mkataba wa leseni, aliyepewa leseni hapotezi kwa hilo peke yake haki ya kuitumia alama hiyo. Msambazaji mwenye leseni ya kweli, kwa hiyo, anaweza kuwa na hoja, lakini lazima awe na mkataba wa kuuonyesha.

SWALI: Je, liko jina la spea za magari lililowahi kufa kabisa baada ya ufilisi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Liko, na mfano ulio wazi ni Takata ya Japani, watengenezaji wa mifuko ya hewa, waliofilisika Juni 2017. Aprili 2018 Key Safety Systems walinunua sehemu kubwa ya viwanda vyao kwa takriban dola bilioni 1.6, wakaendelea kutengeneza mikanda na mifuko ya hewa kwa jina la Joyson Safety Systems, na jina la Takata wakaliacha. Vifo vilivyotokana na mifuko iliyopasuka vilikuwa vimelifanya kuwa mzigo ambao hakuna mnunuzi aliyetaka kuubeba.

SWALI: Filta niliyofungiwa ilivuja ikaharibu injini, na sasa aliyeitengeneza amefilisika. Dhamana yangu imekwisha? (Msomaji, Toronto)

JIBU: Haijaisha kwa sababu hiyo peke yake. Chini ya Sura ya 11, kampuni kwa kawaida huomba tangu siku za mwanzo ruhusa ya kuendelea kutimiza dhamana za wateja, maana bila hivyo maduka yangeacha kununua. Anza na duka lililokuuzia, ukiwa na risiti, filta yenyewe na maandishi ya fundi. Ukikataliwa, wasilisha dai lako mahakamani kabla ya tarehe ya mwisho iliyotangazwa, na usingoje biashara iuzwe, kwa sababu anayenunua mali kwa amri ya mahakama mara nyingi huichukua bila madai ya zamani, na hapo utabaki kudai kwa kampuni ambayo haina tena kiwanda wala jina.