Re: ile "w" na "h" za Kikokborok kwenye Praat

Mkuu umeuliza w ya Kikokborok (lugha ya Tripura, India) inasomekaje kwenye Praat (programu ya kompyuta ya kuchambua sauti za usemi) na ile h inafanya nini mwisho wa maneno. Kwanza w hapo ni irabu, ya sita baada ya a e i o u zetu, ulimi unapanda juu kama wa u ila midomo huiviringi, kwa hiyo fomanti (mawimbi ya sauti yanayopata nguvu zaidi kinywani) ya kwanza inakaa chini na ya pili, yaani F2, inaangukia katikati ya i na u. Ukiona F2 imeshuka sana ujue msemaji kaviringa midomo au umechukua u kimakosa.

Sasa h ndo inachanganya watu, mara nyingi ukiikuta baada ya irabu ni alama ya toni ya juu tu, cha ni sahihi, chah ni kula, kwa hiyo usihangaike kutafuta pumzi pale, angalia mstari wa F0, yaani kasi ya kutetema kwa nyuzi za sauti, ndo inayoonyesha toni. Ila kwenye kh, th, ph pumzi ipo kweli, kama watu wa pwani wanavyotofautisha paa la nyumba na phaa mnyama, pima muda toka mpasuko (hewa inapoachiwa) hadi nyuzi za sauti zianze kutetema. Na linganisha msemaji mmoja mmoja, usichanganye sauti ya mzee na ya binti.