Kumwona tembo California, na maswali mengine ya makauboi

Mliokulia kwenye vibanda vya video, mkitazama sinema za makauboi huku mtafsiri akishindana na milio ya bunduki, leo ni zamu yenu. Maswali kuhusu misemo ya zamani ya Magharibi ya Marekani yamerundikana. Nimechukua matano.

Nimesoma kwamba wachimba dhahabu wa California waliandika kwenye shajara zao kuwa wamemwona tembo, "seen the elephant". California kuna tembo? (Msomaji, Morogoro)

Hakuna, labda wa sarakasi, na msemo wenyewe huelezwa kwa kisa cha sarakasi. Mkulima mmoja alisikia tembo analetwa mjini. Hajawahi kumwona maishani mwake, basi akapakia mayai na mboga kwenye gari lake la farasi, aende sokoni na kutazama kwa safari moja. Njiani akakutana na msafara wa sarakasi, tembo kautangulia. Farasi wakashtuka, gari likapinduka, mayai yote yakapasuka. Mkulima akajikung'uta vumbi: hasara si kitu, tembo nimemwona.

Januari 1848 James Marshall aliokota dhahabu Coloma, kwenye kiwanda cha mbao cha Sutter, na mwaka uliofuata watu wakamiminika kwa maelfu. Kumwona tembo kukawa na maana ya kwenda mbali, kuteseka, na kujua sasa dunia ikoje. Aliyegeuza gari nusu ya njia kwa kipindupindu au kiu alisema amemwona vya kutosha. Wengine walikiri wameona mkia tu. Wanajeshi nao waliutumia kwa vita vyao vya kwanza. Kwetu mtu hukiona cha mtema kuni, lakini hicho ni kitisho tunachompa mwenzetu. Wao walijisemea wenyewe, tena kwa majivuno kidogo.

"Hoosegow" ni nini? Nimetafuta asili yake kwenye Kiingereza nimechoka. (Mwanafunzi, Eldoret)

Umechoka kwa sababu umetafuta nyumba isiyo yake. Ni jela, na neno limetoka kwenye Kihispania, "juzgado", yaani mahakama. Mchunga ng'ombe wa Texas alisikia Wameksiko wakilitamka, akaliandika jinsi sikio lake lilivyolipokea. Ukiona ajabu mahakama kugeuka jela, kumbuka "gereza" letu: asili yake ni "igreja" ya Wareno, na maana yake kwao ni kanisa!

Hapa ndipo sinema zinapotudanganya zaidi. Kauboi tunayeonyeshwa huwa ni Mzungu anayezungumza Kiingereza tu, kumbe nusu ya vifaa vyake vina majina ya Kihispania. Kamba ya kunasia ng'ombe, "lariat", ni "la reata". "Buckaroo" ni "vaquero", mchunga ng'ombe. Farasi wa mwituni, "mustang", naye katoka huko huko. California ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi 1848, na kazi ya kuchunga ng'ombe juu ya farasi ilikuwa ya Wameksiko kabla ya mgeni yeyote kuvaa ile kofia pana. Aliyejifunza kazi alichukua na maneno yake.

Kukaa kando ya dereva, "riding shotgun", ni msemo wa enzi zile? (Dereva, Dodoma)

Kazi ni ya enzi zile, msemo si wa enzi zile. Mlinzi mwenye bunduki alikaa kando ya mwendesha gari la farasi kulinda sanduku la fedha, lakini aliitwa "shotgun messenger". Msemo unaoujua ulianza kuonekana kwenye hadithi za karne ya 20, kisha sinema zikaueneza.

Kwa nini mwanasiasa asiyefuata chama chake huitwa "maverick"? (Msomaji, Nakuru)

Ni jina la mtu. Samuel Maverick, mwanasheria wa Texas, alilipwa deni kwa ng'ombe, naye hakujishughulisha kuwapiga chapa. Majirani wakikuta ng'ombe asiye na alama wanasema huyo ni wa Maverick, na baadaye mwanasiasa asiyebeba chapa ya chama akapewa jina hilo hilo. Mwenyewe, kwa taarifa yako, hakuwa mwasi: ng'ombe tu hawakumvutia.

Babu alisoma mahali kwamba makauboi walikunywa "Arbuckle". Ni pombe? (Msomaji, Moshi)

Mwambie babu ni kahawa, kinywaji cha huko kwenu. Zamani buni ziliuzwa mbichi, na mpishi wa msafara alizikaanga mwenyewe juu ya moto wa kuni. Chache zikiungua, chungu kizima kimeharibika. Ndugu wa Arbuckle wakaanza kuuza kahawa iliyokwisha kukaangwa, buni zikiwa zimepakwa yai na sukari zisipoteze ladha, kwenye pakiti za ratili moja. Ilienea mpaka kahawa yoyote ikaitwa Arbuckle, kama wewe unavyomtuma mtoto dukani Omo akarudi na sabuni ya unga nyingine na usimgombeze.

Ndani ya kila pakiti kulikuwa na pipi moja ya mnanaa. Jioni mpishi anauliza nani anataka pipi, na wanaume wazima wenye bastola kiunoni wanagombea kusaga kahawa, maana anayesaga ndiye anayepewa pipi. Juu ya pakiti kulikuwa na kuponi. Ukizikusanya unapata wembe, mkasi, na kwa mwenye subira, pete ya ndoa.