Jeshi la Ireland: hela imeanza kuja, watu ndio hawapo (jibu kwa mdau aliyeuliza juzi)

Wakuu salaam. Kuna mdau juzi kauliza humu, Ireland nchi tajiri namna ile, makampuni ya Marekani yamejazana Dublin, inakuwaje jeshi lake halina hata ndege moja ya kivita na meli zake zimefungwa bandarini hazina watu wa kuziendesha? Akamalizia, kama watu hawatoshi sisi wabongo tunaingiaje? Majibu mengi aliyopewa ni yale ya "hao hawaegemei upande wowote, jeshi la nini", mengine matusi tu. Mimi naishi Cork muda mrefu kidogo na nimekaa kwenye jeshi lao la akiba miaka kadhaa, ile ya kwenda kambini jioni moja kwa wiki na baadhi ya wikiendi, ngoja nijibu ninavyoijua. Siri sina, mengi ya haya yanaandikwa kwenye magazeti yao na kusemwa bungeni kila wiki.

Hilo la kutoegemea upande tulimalize haraka. Uswisi nayo haiegemei upande na vijana wake wa kiume wanaitwa jeshini kwa sheria, ndege za kivita wanazo. Sweden na Finland kabla ya kuingia NATO walikuwa na majeshi ya kutisha. Kwahiyo kutoegemea upande kwenyewe kunahitaji jeshi, ili jirani asije akajifanya anakulinda. Ireland walichofanya ni kukaa kisiwani nyuma ya mgongo wa Uingereza, wakaona vita viko mbali, wakaamua jeshi liwe la bei rahisi. Matumizi yao ya ulinzi yamezunguka kwenye asilimia 0.2 ya pato la taifa, wako mkiani kabisa Umoja wa Ulaya. Najua mtaniambia pato la Ireland limevimbishwa na hayo makampuni ya nje, sawa, punguza uvimbe wote unaotaka, bado wako mkiani.

Na jeshi lenyewe kwa miongo lilikuwa linapewa kazi ambazo sisi tungesema ni za polisi. Kulinda mpaka na Ireland Kaskazini enzi za machafuko, kulinda gereza la Portlaoise, kusindikiza magari ya benki yenye hela. Mafuriko wao, theluji wao, mgomo ukitokea sehemu serikali inawakumbuka wao.

Sehemu waliyojijengea jina ni UN. Tangu 1958 hawajawahi kukosa mtu kwenye misheni ya UN. Na hapa kuna la kwetu kabisa maana misheni kubwa ya kwanza ilikuwa Kongo 1960, walipelekwa na sare nzito za sufi za baridi ya kwao, fikiria sufi kwenye joto la Katanga. Novemba 1960 pale Niemba, maeneo yanayoongea Kiswahili mpaka leo, doria yao ilishambuliwa wakafa 9. Mwaka uliofuata Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kombania moja ya watu kama 150 chini ya Pat Quinlan ilizingirwa na jeshi la Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, pamoja na mamluki, wakapigana siku kadhaa mpaka risasi na maji vikaisha wakajisalimisha, hakufa hata mmoja. Waliporudi kwao wakatazamwa kama aibu, heshima imekuja kurudishwa wengi wao wameshazeeka au wamekufa. Wazee wa huku ukiwaambia unatoka Afrika Mashariki swali la kwanza ni kama unapajua Niemba.

Sasa tuje kwenye kiini. Mdau aliandika kama vile tatizo ni vifaa. Vifaa ni rahisi, unaandika cheki. Tatizo ni kwamba jeshi lao limetobolewa katikati, pale kwenye makoplo, masajenti na mafundi, na hapo cheki haisaidii maana sajenti wa miaka 15 inabidi usubiri miaka 15 umpate.

Nafasi zilizoidhinishwa na serikali kwa miaka mingi zilikuwa 9,500, jeshi zima, nchi kavu, maji na anga. Watu waliopo miaka hii ni kama 7,500. Na hao 7,500 toa kuruta walioko depo, toa walioko kozi, toa wagonjwa, toa walioko Lebanon kwenye misheni ya UN na wanaojiandaa kwenda, ndio utajua kambini kunabaki nani.

Nitolee mfano nilioishi nao. Kombania yangu siitaji. Tulikuwa na sajenti mmoja wa jeshi la kudumu aliyepangiwa kutusimamia sisi wa akiba, mtu wa misheni za Lebanon huyo, kaenda karudi mpaka anajua wauza maduka wa mji wa Tibnin kule kwa majina. Alikuwa na fungu la funguo kiunoni, akiwa anakuja unamsikia kabla hujamuona. Stoo ya sare yeye, chumba cha silaha yeye, kuomba gari la kutupeleka Kilworth kwenye shabaha yeye, kutufundisha kwata yeye (kwata ya huku inaamriwa kwa Kiairishi, mimi mtu wa Tanga, jamaa wa Poland na vijana wa Cork wote tunakakamaa tukisikia "Aire!"), halafu Jumamosi ana lindo la saa 24 getini. Kila ufunguo kwenye lile fungu ulikuwa ni wa mtu aliyeondoka na hakuletwa mwingine. Na hakuwa mtu wa kulalamika, alikuwa anasema tu kwamba mke wake ameshaacha kuuliza anarudi saa ngapi.

Hapo ndipo mduara unapoanzia. Watu wakipungua, lindo halipungui, doria haipungui, misheni haipungui. Wanaobaki wanabeba za walioondoka, wanachoka, nao wanaondoka. Unaweza kuajiri kuruta 500 leo lakini nani atawafundisha, huyo huyo mwenye funguo. Ukimtoa kwenye kikosi akafundishe, kikosi kinayumba. Usipomtoa, depo inabaki tupu. Na walioajiriwa tangu 2013 wako kwenye mpango mpya wa pensheni wa watumishi wa umma ambao sio mtamu kama wa zamani, kwahiyo ile kamba iliyokuwa inamshika mtu mpaka astaafu imekatika. Zamani ungevumilia miaka 21 kwa sababu ya kile kilicho mbele, sasa kijana anapiga hesabu anaona mbele hakuna kitu cha kumfanya alale kwenye meli mwezi mzima.

Jeshi la maji ndilo limeumia kuliko yote. Ukienda Cobh Jumapili na familia ukasimama kando ya maji, kisiwa cha Haulbowline kiko mbele yako, kambi nzima unaiona na meli za kijivu zimefungwa. Meli nzuri, mpya, nne kati yake zina majina ya waandishi, Samuel Beckett, James Joyce, William Butler Yeats, George Bernard Shaw. 2022 walistaafisha 3 za zamani kwa mpigo. Mwanzoni mwa 2023 wakaziweka pembeni nyingine 2, Róisín na huyo Yeats, na Yeats haikuwa hata na miaka 10, sababu mabaharia hakuna. Nafasi ni 1,094, watu wameshuka chini ya 800. Halafu katikati ya hali hiyo zikaletwa meli 2 ndogo zilizotumika kutoka New Zealand kwa ajili ya bahari ya upande wa mashariki, zimefika 2023, kuingizwa rasmi kazini mpaka 2024. Ni sawa na mtu mwenye dereva mmoja kununua kosta mbili zaidi.

Wanaenda wapi? Jirani yangu alikuwa fundi wa injini kwenye hizo meli. Kutoka kisiwani unavuka daraja unaingia Ringaskiddy, na Ringaskiddy ni viwanda vya dawa vimepangana. Kiwanda cha dawa kinatafuta nini? Mtu anayejua boila, pampu, mabomba ya presha, jenereta, asiyepaniki kengele ikilia usiku. Serikali imeshamsomesha huyo mtu kwa miaka kadhaa, imemkomaza Atlantiki, ametoka amekamilika. Anavuka daraja, mshahara unapanda, jioni yuko kwake anaogesha watoto. Mimi mwenyewe ningevuka. Na meli haitoki bila fundi wa injini, hata uwe na manahodha kumi.

Lililowaamsha raia ni Januari 2022, Urusi ilipotangaza itafanya mazoezi ya kijeshi na mizinga kilomita kama 240 kutoka pwani ya kusini magharibi. Serikali ikalalamika kidiplomasia. Waliosimama ni wavuvi, wakasema ni msimu wetu, tunaenda kuvua pale pale, wakaenda mpaka kuonana na balozi wa Urusi. Warusi wakahamisha mazoezi. Watu walicheka sana, ila kicheko cha wasiwasi, maana nyaya za intaneti za kuunganisha Ulaya na Marekani nyingi zinapita chini ya bahari hiyo hiyo. Mwezi uliofuata Ukraine ikavamiwa, kicheko kikaisha.

Mwezi huo huo wa Februari 2022 ikatoka ripoti ya tume waliyoiunda kuangalia jeshi zima. Tume iliwawekea ngazi tatu: kubaki mlivyo, na wakasema waziwazi mkibaki mlivyo hamuwezi kuilinda nchi kwa maana halisi, ngazi ya pili, bajeti ipande mpaka euro bilioni 1.5 kwa mwaka na jeshi lifike watu 11,500. Ngazi ya tatu, kama bilioni 3, jeshi kamili lenye ndege za kivita na kila kitu. Julai serikali ikachagua ya katikati ifikiwe 2028. Haki yao niwape, hela wameleta, bajeti ya 2026 imeshafika hiyo bilioni 1.5. Ila 11,500 na 7,500 umeona pengo lilivyo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi wanaoingia 2024 walizidi kidogo wanaotoka, wakashangilia, na mimi nawaelewa, lakini kwa mwendo ule 2028 watakuwa bado wako njiani.

Anga nisikae sana. Hakuna ndege za kivita, zilizopo ni PC-9 za kufundishia zilizofungwa silaha ndogo, zina propela. Rada ya kijeshi ya kuona ndege iliyozima mawasiliano hawakuwa nayo, ndio wanainunua sasa. Hata waongoza ndege wa uwanja wao wa Baldonnel walipungua mpaka saa za kufanya kazi zikakatwa. 2023 walipata C295 mbili mpya za doria ya baharini, mashine nzuri kweli kweli. Marubani na mafundi wa Baldonnel wakiitwa na mashirika ya ndege ya Dublin inakuwaje, jaza mwenyewe.

Kuna jambo wengi humu hawajaligusa na linakimbiza watu kimya kimya. 2021 wanawake waliotumikia jeshi walijitokeza redioni kueleza unyanyasaji wa kingono na uonevu waliofanyiwa humo ndani. 2023 ikatoka ripoti huru iliyokuwa kali sana, 2024 ikaundwa tume maalumu ya uchunguzi inayoongozwa na jaji. Unataka kuajiri nusu ya nchi iliyobaki, na mama wa binti ameyasikia yote redioni akiwa jikoni. Tangazo zuri la televisheni halifuti hiyo.

Uhaba umewafuata mpaka kwenye UN. 2024 walitoa kikosi chao Golan, kule mpakani mwa Syria na Israel, kwa sababu hawawezi kushika sehemu mbili. Lebanon waliingia mara ya kwanza 1978, hata JWTZ wamekuwa na kombania ya polisi jeshi kule, na Desemba 2022 aliuawa askari wao kijana Seán Rooney, nchi nzima ililia. UN imeamua misheni hiyo ifungwe mwisho wa 2026. Wengine wanaona ni nafuu, watu watarudi kujaza kambi. Mimi naona kinyume, maana vijana wengi niliokuwa nao walisema wazi wanaingia jeshini ili waende Lebanon, posho ya kule ndiyo iliyokuwa inalipa rehani ya nyumba. Ukiiondoa hiyo bila kuweka kitu mahali pake, unabaki unampa kijana wa miaka 20 lindo la geti.

Haya, swali la pili, tunaingiaje. Raia wa Ireland, raia wa nchi za Ulaya na waliopewa hifadhi wanaruhusiwa kuomba. Sisi wengine inabidi uwe umeishi humu kihalali miaka kadhaa mfululizo, idadi kamili iangalie kwenye tovuti yao. Umri wameshapandisha, mwisho ni 39. Kuna kuchunguzwa rekodi ya polisi, na ukiwa umeishi nchi nyingine wanataka uthibitisho wa huko pia, anza kuzitafuta karatasi mapema maana hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Uombaji ni kwenye tovuti yao na ni bure. Kutoka Dar au Mombasa moja kwa moja hakuna, kwahiyo hao mawakala wa WhatsApp wanaodai laki tatu ya "fomu za jeshi la Ireland" ni matapeli, warushieni uzi huu. Aliye tayari huku na ametimiza miaka yake aje PM, nimwelekeze test ya mazoezi ilivyo, zile pushapu sio ishu, kinachowatoa watu ni kilomita 2.4 kwenye upepo wa huku.