Msinifanye Kuwa Misri Yenu

Mdogo wangu,

Umeniandikia kwamba kazi zimesimama, madeni yamewazidi, na kwamba tumaini la familia ni mimi, kwa kuwa ninaishi katika nchi ambayo serikali yake, kwa maneno yako, haimwachi mtu aanguke. Maneno hayo yamenikera, na nitakujibu bila kuficha.

Serikali hii inanijua kwa namba ya faili. Kwa miaka 3 kibali changu kilitegemea barua ya mwajiri mmoja aliyeahidi kunidhamini nipate ukaazi wa kudumu, na katika miaka hiyo niliusoma uso wake kila asubuhi kwa bidii kuliko nilivyosoma Maandiko: akitabasamu nilishukuru, akinuna sikulala. Nilikubali zamu za Jumapili nikaacha ibada, nikijiambia kwamba Mungu anaelewa. Zilipobaki wiki 2 kibali kiishe, niliarifiwa kwa mstari mmoja kwamba udhamini haupo tena. Yeye mwenyewe hakutokea.

Usiku ule nilisoma Isaya 36, pale mjumbe wa mfalme wa Ashuru anapompelekea Hezekia, mfalme wa Yuda, neno kwamba Misri anayoitegemea ni mwanzi uliopondeka, ambao mtu akiuegemea humchoma mkono. Neno hilo lilitoka kinywani mwa adui, na bado lilikuwa kweli, kwa sababu Isaya alikuwa amekwisha kuwaonya watu wa Yuda wasiteremke Misri kutafuta farasi na magari ya vita.

Usidhani kwamba ninakufundisha kukaa bila kufanya lolote. Ezra, kuhani aliyekuwa akirudi Yerusalemu kutoka uhamishoni, aliona haya kumwomba mfalme wa Uajemi askari wa kumlinda njiani, kwa kuwa alikwisha kumwambia kwamba mkono wa Mungu uko pamoja na wamtafutao, basi akafunga na kuomba penye mto Ahava. Nehemia, mnyweshaji wa mfalme, aliomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto Frati, akapewa, tena akasafiri na askari wapanda farasi. Wote wawili walifika Yerusalemu. Lakini Nehemia alimwomba Mungu wa mbinguni palepale mbele ya mfalme, kabla hajataja haja yake. Mimi nilianza na mwajiri, Mungu nikamweka akiba.

Kwa hiyo tafuta barua, jaza fomu, mlipe wakili mwaminifu ukimpata, wala usimtegemee. Ombi langu jipya bado liko ofisini. Ninaomba alfajiri, kisha ninakwenda kuuliza dirishani, na ziko siku ambazo hofu hurudi kabla sijasema amina.

Sasa nije kwako. Fedha nilizotuma zimekuzoesha kunisubiri kama nilivyomsubiri yule bwana, na kosa hilo ni langu, kwa sababu nilipendezwa kusubiriwa. Mwezi huu nitatuma. Mwezi ujao huenda nisiwe na kitu, na sitaki ukose usingizi kwa kuupima ukimya wangu. Ukitaka kuja, njoo, sitakufungia mlango. Ila kama unakuja kwa kunitegemea mimi, afadhali ubaki.

Mama huniuliza kila anapopiga simu kama nimekula. Mwambie safari ijayo aniulize kama nimeomba, nami nitamjibu ukweli.